Seva yetu imeingia orodha nyeusi: tulipe ili tutolewe?

Swali

Habari za kazi kaka. Nina kampuni ndogo ya kutembeza watalii hapa Arusha, tuko watu saba. Kwa wiki mbili sasa barua pepe zetu kwa wateja wa Ujerumani zinarudi. Ujumbe unaorudi una namba 554 na 5.7.1, kisha anwani ya seva na jina zen.spamhaus.org. Kwa wateja wenye Gmail zinafika, lakini zinaangukia kwenye folda ya barua taka. Mhasibu wetu naye anapokea rundo la barua zilizorudi ambazo anaapa hakuzituma. Fundi wetu alipima kwenye tovuti ya ukaguzi akakuta alama nyekundu tatu: PBL, CSS na UCEPROTECT ngazi ya 3. Anasema hiyo ya mwisho ukilipa unatolewa haraka, na ikishindikana tubadilishe jina la kikoa. Mume wangu anasema tuwashtaki. Barua zetu ziko kwenye hosti ya pamoja, cPanel ya kawaida, na hatujawahi kutuma barua taka kwa mtu. Nilipe? Na jambo jingine dogo: wakala mwenzetu wa Zanzibar, seva yake inarudisha barua za kila mtu, si zetu peke yetu. Ni ugonjwa huohuo?

Jibu

Dada, pole kwa usumbufu. Usilipe, kikoa usikibadilishe, na mume wako mwambie hela ya wakili aiweke. Lakini hilo la mhasibu ulilolitaja katikati kana kwamba ni la pembeni ndilo lililonifanya niache kazi nyingine nikuandikie. Nitalifikia.

Kwanza tuweke sawa jambo ambalo hata mafundi wengi hulichanganya. Orodha nyeusi, yaani daftari la anwani za seva zinazoshukiwa, haizuii barua ya mtu yeyote. Spamhaus, wenye daftari lililotajwa kwenye ujumbe wenu, hawajakaa katikati ya njia kati ya Arusha na Ujerumani wakikamata barua zenu. Anayezuia ni mlinzi wa geti la mpokeaji. Ukifika getini kwake usiku hakujui, anapiga simu kwa balozi wa nyumba kumi anayemwamini: "Huyu unamfahamu? Ana kesi?" Balozi anajibu alichonacho kwenye daftari. Kukufungulia, kukurudisha, au kukuruhusu ukae kwenye benchi nje, hayo anaamua mlinzi. Ndiyo maana anwani moja ya seva inaweza kuwa kwenye madaftari matano na barua zikafika vizuri, na nyingine ikawa kwenye daftari moja tu na biashara ikasimama.

Simu yenyewe hupigwa kwa njia rahisi ajabu. Tuseme seva yenu ina anwani 192.0.2.44. Seva ya Mjerumani inaigeuza kinyumenyume iwe 44.2.0.192, inabandika zen.spamhaus.org mwishoni, kisha inaulizia jina hilo kwenye DNS, mfumo uleule unaotumiwa na simu yako kuipata tovuti yoyote. Jina lisipopatikana, hamna kesi. Likipatikana, jibu linarudi kwa umbo la 127.0.0 na namba ya mwisho, na namba hiyo ndiyo yenye habari. Ikiwa 2 ni SBL, daftari la watumaji wa barua taka wanaojulikana. 3 ni CSS, 4 ni XBL ya mashine zilizotekwa na virusi, 10 au 11 ni PBL. Zen si daftari la tano, ni dirisha moja la kuulizia yote hayo kwa mpigo. Mtindo huu ulianza 1997 kwa Paul Vixie na wenzake wa MAPS kule Marekani (lisome jina hilo kutoka nyuma uone walivyokuwa na utani). Spamhaus walifuata 1998, Steve Linford alipoanza London. Leo makao yao yako Andorra.

Sasa alama zako tatu. Zote zimepakwa rangi nyekundu ileile, lakini maana zake hazilingani hata kidogo.

PBL kwanza. Naweza kuweka dau kwamba fundi alifungua tovuti ya ukaguzi akiwa ofisini, tovuti ikajaza yenyewe anwani ya mgeni wake, naye akabonyeza kupima. Kwa hiyo alama hii ni ya ruta yenu, si ya seva ya barua. PBL ni daftari la anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja kwenda kwa seva za watu: laini za nyumbani, modemu, intaneti za simu. Mara nyingi ni watoa huduma wa intaneti wenyewe wanaoziandikisha humo. Kuwa humo si kosa, ni sawa na kuandikwa kwamba nyumba hii ni ya kuishi, si ya duka. Kompyuta zenu zinatuma barua kwa kuingia kwanza kwenye seva ya hosti kwa nywila, kupitia mlango 587 au 465, na seva hiyo ndiyo inayotoka kwenda duniani. Ilimradi ni hivyo, PBL haiwahusu. Isipokuwa kama mna skana au mashine ya kunakili iliyowekwa itume barua yenyewe kupitia mlango 25. Hiyo itagoma, nayo inarekebishwa kwa kuipa jina na nywila kama kompyuta nyingine.

Alama ya UCEPROTECT ngazi ya 3. Hawa ni wenye daftari jingine, si Spamhaus, nao wana ngazi tatu. Ya kwanza huandika anwani mojamoja, nayo hujifuta baada ya siku 7 kama hakuna kosa jipya. Ya pili hupanda hadi kundi la anwani. Ya tatu huandika mtandao mzima wa kampuni, anwani zake zote, kwa sababu ya makosa ya baadhi. Ni sawa na kuandika Kariakoo nzima kuwa wezi kwa sababu ya vibaka wa kituo kimoja. Kumbe hata mngekuwa mawalii wa barua pepe, alama hiyo ingewapata kwa kupanga tu kwenye mtandao huo, na mkilipa leo majirani wakafanya yao kesho mtarudi palepale. Wapokeaji wakubwa hawafungi geti kwa kuangalia ngazi hiyo. Mwongozo wa wahandisi wa intaneti kuhusu orodha hizi, RFC 6471 wa 2012, unasema wazi kwamba kumtoza aliyeandikwa ili umfute ni jambo lisilofaa, maana mwenye daftari anapata faida kwa kuwaandika watu wengi zaidi. Spamhaus hawatozi hata senti kumfuta mtu. Akija mtu kwenu akasema anakusanya ada ya Spamhaus, mfungulieni mlango atoke.

Inabaki CSS. Hii ndiyo iliyorudisha barua zenu. Ujumbe uliorudi umetaja zen, anwani iliyotajwa humo ni ya seva ya hosti, na seva ya hosti haikai PBL. Kwa mashaka yanayobaki, chukua anwani iliyo ndani ya barua iliyorudi, siyo ya ofisi, uiandike kwenye ukurasa wa check.spamhaus.org. Utapata jibu la orodha gani na, mara nyingi, dalili walizoziona.

CSS huandikwa na mashine, si mtu. Mashine hizo zinaangalia mienendo: seva inatuma kwa fujo, inapeleka barua kwa anwani ambazo hazijawahi kuwa na mwenyewe, inajitambulisha kwa jina lisilolingana na anwani yake. Zikiona hivyo zinaandika. Mwenendo ukikoma, jina linafutika lenyewe baada ya siku chache. Ninyi mna wiki mbili. Maana yake uchafu bado unatoka, hata usiku huu. Kuomba kufutwa kabla ya kuziba ni kudeki huku bomba linamwaga.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kampuni moja niliyoihudumia ilifutwa kwenye orodha mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara mimi ndiye niliyejaza fomu, kila mara nikiandika kwamba tatizo limeshughulikiwa. Sikuwa nimeshughulikia kitu, nilikuwa nimeanzisha seva upya tu. Mara ya nne ndipo nilipokaa kuitazama foleni ya barua zinazosubiri kutoka, nikakuta zote zinatoka kwa kisanduku cha mfanyakazi aliyeacha kazi zamani, ambacho nywila yake ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Hakuna aliyekuwa amekifunga. Tangu siku hiyo sigusi fomu ya mtu kabla sijaona foleni.

Uchafu unatokea wapi kwenu? Kuna njia tatu za kawaida, na ya kwanza si yenu kabisa.

Hosti ya pamoja maana yake anwani moja ya IP inatumiwa na makampuni mengi, pengine mamia, ambayo hamfahamiani. Hapa ile methali ya samaki mmoja akioza si mafumbo, ni maelezo ya kiufundi. Jirani mmoja akivamiwa, nyote mnarudishiwa barua. Kama ni hilo, kazi ni ya mwenye seva, na ninyi mnachoweza ni kumbana. Mfungulie tiketi umuulize mambo manne, naye ajibu kwa maandishi: anwani gani ya IP inatoa barua za kikoa chetu, imeandikwa kwenye orodha gani na tangu lini, akaunti gani ndiyo iliyosababisha, yetu au ya mwingine (jina la mwingine si lazima alitaje), na lini aliizuia. Mwenye seva makini hujibu haya ndani ya siku moja, tena mara nyingi ameshahamishia barua zenu kwenye anwani nyingine kabla hujamaliza kulalamika. Anayekujibu kwamba "tatizo liko kwa mpokeaji" amekupa sababu ya kuhama.

Njia ya pili ni tovuti yenu. WordPress, yaani programu inayoendesha tovuti, iliyoachwa bila kusasishwa, au fomu ya mawasiliano isiyo na kizuizi dhidi ya roboti. Fomu ya mawasiliano ambayo humtumia mgeni nakala ya ujumbe wake ni mwaliko wa wazi: roboti inaandika anwani ya mtu mwingine kwenye sehemu ya mgeni, inaweka tangazo lake kwenye sehemu ya ujumbe, na seva yenu inapeleka tangazo hilo kwa heshima zote. Mwambie fundi azime nakala hiyo leo, asasishe kila kitu, afute viongezo msivyovitumia.

Njia ya tatu inaitwa mhasibu.

Barua zilizorudi kwa mtu ambaye hakuzituma zina maelezo mawili, na tofauti yake ni kubwa. La kwanza: mtu fulani, kwa mashine yake huko aliko, anaandika anwani ya mhasibu kwenye sehemu ya mtumaji. Ni rahisi kama kuandika jina la jirani nyuma ya bahasha. Barua zikigonga mwamba zinarudi kwa aliyeandikwa. Hilo linaudhi, lakini hakuna kilichoibwa. La pili: mtu ana nywila ya mhasibu, na anaingia kwenye seva yenu halali kabisa na kutuma kwa jina lake.

Kuyatofautisha hakuhitaji uchawi. Fungua moja ya barua hizo zilizorudi, tazama vichwa vyake kamili (headers), soma mistari ya mapokezi (Received) kuanzia chini kwenda juu. Kila seva iliyopitisha barua imeacha mhuri wake humo. Kama seva yenu haimo kabisa, ni bahasha ya uongo. Kama seva yenu imo na inasema iliipokea kutoka kwa mtu aliyejithibitisha, nywila imeibwa. Hata bila hiyo, cPanel, yaani dirisha lenu la kusimamia hosti, ina ukurasa wa kufuatilia utumaji wa barua, ambao unaonyesha nani katuma nini na lini. Ukiona kisanduku cha mhasibu kimetuma mamia ya barua saa nane usiku kwa watu wa nchi msizofanya nazo biashara, huna haja ya kuniuliza tena.

Nikilinganisha ulichoniandikia, CSS ya wiki mbili pamoja na rundo la barua zilizorudi, naegemea hilo la pili. Basi kabla ya kitu kingine chochote badilisheni nywila za visanduku vyote, si cha mhasibu pekee, na za cPanel pia. Fanyeni hivyo kutoka kwenye kompyuta mnayoiamini, kwa sababu kama ya mhasibu ina kirusi kinachonakili vibonyezo, nywila mpya itaibwa kabla ya chai. Futeni visanduku vya walioondoka. Kisha, na hapa wengi hupitiwa, kagueni vichujio na maelekezo ya kupeleka barua mbele, kwenye cPanel na ndani ya kisanduku chenyewe. Mwizi mwenye akili huacha kaelekezo kadogo: kila barua yenye neno "invoice" ipelekwe kwake nakala, au ifichwe kwenye folda isiyofunguliwa na mtu. Mnabadilisha nywila, mnashangilia, yeye anaendelea kusoma.

Hayo yakishatulia, na ukurasa wa kufuatilia ukikaa kimya kwa siku nzima, ndipo mwenye seva aombe kufutwa kupitia ukurasa uleule wa Spamhaus. Kwa kuwa anwani ni yake, ni busara aombe yeye. Maelezo yawe mafupi na ya kweli: akaunti moja iliibiwa nywila, imefungwa tarehe fulani, foleni imesafishwa. Wanaosoma wameshasoma visingizio vya kila aina.

Kuna swali nitakuuliza ingawa umesema hamjawahi kutuma barua taka. Je, mmewahi kununua faili la anwani za mawakala wa Ulaya? Najua yanazunguka, nimeletewa mwenyewe, na wanaoyauza husema anwani "zimethibitishwa". Ndani yake huwa kuna mitego: anwani ambazo hazijawahi kumilikiwa na mtu, zilizopandwa mitandaoni ili zichukuliwe na wakusanyaji, na anwani za zamani zilizoachwa zikafungwa kwa muda, kisha zikafufuliwa kuwa chambo. Hakuna binadamu aliyewahi kuwaomba bei kutoka anwani hizo, kwa hiyo barua moja tu ikiingia inatosha kueleza mlivyozipata. Kama faili lipo, lifute. Wateja wa kweli ni wale walioandika wenyewe.

Hilo la kushtaki limeshajaribiwa. Kampuni moja ya Marekani ya matangazo kwa barua pepe, e360, iliishtaki Spamhaus kule Illinois. Mwaka 2006 mahakama iliipa ushindi wa dola milioni 11.7, hasa kwa sababu Spamhaus, wakiwa Uingereza, waliacha kujitetea wakisema mahakama hiyo haina mamlaka juu yao. Kesi ikarudi kupimwa hasara halisi, mwaka 2010 kiasi kikashuka hadi dola 27,002, na 2011 mahakama ya rufaa ikakifikisha dola 3. Tatu. Mume wako akitaka kuzifuata, nauli ya daladala atajitegemea.

Kubadilisha kikoa ndilo wazo baya zaidi kati ya yote aliyoleta fundi, na nalisema bila kumvunjia heshima, kwa sababu linasikika kama lina mantiki. Kilichoandikwa CSS ni anwani ya seva. Kikoa kipya kikikaa kwenye seva ileile kitarudishwa vilevile. Kibaya zaidi, kikoa kipya chenyewe hushukiwa, kwa kuwa walaghai hununua vikoa asubuhi na kuvitupa jioni. Spamhaus wanayo orodha mahsusi ya vikoa vilivyoonekana kwa mara ya kwanza ndani ya saa 24. Jina lenu la miaka, lililo kwenye vitabu vya wageni na vipeperushi, ni mali. Msilitupe kwa kosa la nyumba.

Kuhamisha barua ni jambo jingine, na hilo naliunga mkono. Tovuti inaweza kubaki kwenye hosti ya bei nafuu huku barua zikihamia kwa mtoa huduma ambaye kazi yake ni barua, kama Google Workspace au Microsoft 365, au hata hosti nyingine inayosimamia utumaji kwa ukali. Kwa watu saba gharama inabebeka kuliko kupoteza safari moja ya Serengeti. Ila msikimbilie kukodi seva yenu wenyewe yenye anwani ya peke yenu. Anwani hiyo ilikuwa na mpangaji kabla yenu na hamjui aliishi vipi humo, tena kwa barua chache mnazotuma kwa siku itachukua muda mrefu kujijengea jina. Na msihame kabla ya kuziba. Mwizi mwenye nywila atahama nanyi.

Gmail sasa. Barua zenu kuangukia folda ya taka huenda hakuhusiani na Spamhaus moja kwa moja. Google wanajiwekea kumbukumbu zao kuhusu seva na kikoa, na watu wakibonyeza kwamba barua zenu ni taka, zinahesabika. Tangu Februari 2024 wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail awe na vyote viwili pamoja na DMARC, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Ninyi hamfikii kiwango hicho, lakini wekeni vyote vitatu. SPF ni rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Iwe moja tu. Nimeona vikoa vyenye mbili, ya hosti ya zamani na ya mpya, na mbili ni sawa na kosa. DKIM ni sahihi ya kificho kwenye kila barua. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita, na hapo ndipo zile bahasha za uongo za mhasibu, kama ndizo, zitapungua. Anzeni na DMARC ya kuangalia tu, msome ripoti kwa wiki kadhaa, ndipo mkaze. cPanel ina ukurasa unaoonyesha kama SPF na DKIM viko sawa. Fundi atamaliza kwa nusu saa.

Na ikitokea baadaye wateja wa Hotmail au Outlook nao wakarudisha, usitafute kwenye tovuti za ukaguzi, hutakuta kitu. Microsoft wana daftari lao la ndani. Ujumbe unaorudi huwa na namba yao, kwa mfano S3140, inayosema sehemu ya mtandao wa hosti yenu iko humo, na hilo nalo ni la mwenye seva kufuatilia kwa fomu yao.

Wakala wa Zanzibar ana ugonjwa tofauti, na ni mfano mzuri wa kwamba mlinzi ndiye anayefunga geti. Seva inayorudisha barua za kila mtu haina maadui, ina mipangilio mibovu. Kuna mawili ya kutazama. Mosi, huenda inauliza orodha iliyokufa. Wenye orodha wanapofunga, maswali huendelea kumiminika kutoka kwa seva zilizosahauliwa. ORDB ilifunga Desemba 2006, na Machi 2008 ikaanza kujibu "ndiyo, yumo" kwa kila anwani duniani ili wavivu washtuke. Walishtuka kweli, barua zote ziliporudi. SORBS nayo ilifungwa Juni 2024, kwa hiyo kama bado iko kwenye mipangilio yake aiondoe. Pili, na hili ndilo naliona zaidi siku hizi: seva yake inauliza Spamhaus kupitia DNS ya umma kama 8.8.8.8. Spamhaus hawahudumii maswali ya njia hiyo, wanarudisha 127.255.255.254, maana yake "umeuliza kwa njia isiyokubalika". Seva iliyopangwa vizuri inalielewa. Iliyopangwa ovyo inaona jibu lolote la 127 kuwa ni hatia na kufukuza kila mtu. Dawa ni kuweka DNS yake mwenyewe, au kujisajili bure kupata ufunguo wa kuulizia. Asizime tu ulinzi wote, maana wiki ijayo atakuandikia kulalamika barua taka.

Nimalizie kwa mhasibu, maana kuna jambo sikutaka lipotee katikati ya namba. Anayepata nywila ya mhasibu wa kampuni ya watalii hakukuta matangazo, amekuta ankara. Anajua nani anasafiri mwezi ujao, amelipa kiasi gani cha awali, na salio ni lini. Kutuma barua taka kunaweza kuwa ndiyo biashara yake ya mwisho kwenye kisanduku hicho, baada ya kumaliza yenye faida zaidi: kuwaandikia wateja kutoka kwa anwani yenu halisi, kwa lugha ileile ya mhasibu, kwamba benki imebadilika na salio liende akaunti nyingine. Na kwa wiki mbili wateja wa Ujerumani hawajapata barua zenu ambazo zingemkanusha.

Kwa hiyo kabla ya tiketi na kabla ya fomu ya Spamhaus, chukua orodha ya wote wanaodaiwa salio. Uwapigie simu, kwa namba walizowaachia mwanzoni, si kwa namba iliyo kwenye barua za karibuni. Waulize swali moja tu: je, wamepokea kutoka kwetu akaunti mpya ya benki? Akijibu yeyote kwamba ndiyo, mwambie awasiliane na benki yake saa hiyohiyo, nawe uende polisi na nakala ya barua hiyo pamoja na vichwa vyake kamili.